Siku Nne za Koksibazari

Jumatatu, 1 Septemba

Sukari 9. Nesi wa kliniki kanipa daftari hili niandike sukari kila asubuhi. Kasema namba tu, Mzee, namba tu. Mimi Burhani, Mzigua wa Pangani, niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu mwalimu aliwaonyesha wale wa darasa la saba waone haya. Siwezi kuchukua daftari zima nikalijaza namba kama mlinzi wa geti. Upepo wa leo umeleta vumbi la migodi mpaka ndani ya chai yangu. Nimeimwaga.

Alhamisi, 4 Septemba

Sukari 10. Binti yangu Bushra kaja hapa Turffontein na mumewe. Mume ni Rezaul, Mbangladeshi, ana spaza, kiduka cha mtaani, Jeppestown, mitaa miwili kutoka karakana yangu ya makochi. Wana miaka mitatu ya ndoa. Kijana mpole, anaswali, kosa lake ni samaki mkavu anayemla, ambaye harufu yake inafika mlangoni kabla yake mwenyewe.

Bushra kavua viatu, kanisogezea simu usoni.

"Baba, mwisho wa Januari tunakwenda kupumzika. Siku nne tu, baharini kwa kina Reza. Mji unaitwa Koksibazari. Mama mkwe atatoka kwake Chittagong kwa basi, sisi tutakuja na ndege, tukutane hotelini. Na wewe unakuja."

"Nani kachoka?"

"Hakuna aliyechoka, Baba."

"Sasa tunapumzika nini?"

Rezaul akacheka. Aliponiona sicheki akaacha.

Basi nikasomewa mpango. Siku ya kwanza kulala. Siku ya pili kutembea mchangani asubuhi, kulala mchana. Siku ya tatu kuona soko la samaki wakavu. Siku ya nne kukaa tu. Nimefanya kazi tangu nina miaka kumi na mmoja, sijawahi kuona mtu anapanga kukaa tu, tena kwa tarehe. Nilionyeshwa picha. Watu maelfu wamelala kwenye viti vya kukodi chini ya miavuli, wamejipanga mistari kama wagonjwa. Farasi katikati ya watu. Wengine wanaoga na nguo zao zote, kina mama na mitandio, wanatoka wamegandwa na nguo. Na vile viti! Sponji nyembamba kama mkate, imefunikwa plastiki. Mimi ndiye fundi pekee Johannesburg hii ninayejaza makochi kwa makumbi ya nazi kama zamani, nikalale kwenye plastiki? Nilishikwa na kinyaa.

Bushra akazima simu. Akasema taratibu, "Baba, mama mkwe miguu yake haimfikishi huku. Sijawahi kumshika mkono. Harusi yangu upande wao hakuja mtu, na upande wetu Mama alikuwa keshatutoka. Nataka mara moja nile chakula wazee wangu wa pande zote mbili wamekaa. Sitaki kingine."

Nikasema tutaona. Pasi yangu ya kusafiria imekwisha muda miaka sita. Inabidi niende Pretoria, ubalozini. Nimemwambia nitakwenda wiki ijayo.

Ijumaa, 5 Septemba

Sukari 9.

Jumapili, 14 Septemba

Sukari 10. Pretoria sijaenda, palikuwa na kochi la Mreno la kumaliza.

Leo nimeonana na mkwe wangu, mama yake Rezaul, kwa simu ya picha. Nilijiandaa. Nilivaa kanzu na koti, nikatia kofia, nikakaa wima. Kwetu mkwe ni mtu mzito. Mkwe akija njia hii, wewe unashika ile. Ukimsalimu unatazama chini. Marehemu mke wangu Masika alikaa na baba yangu nyumba moja miaka tisa, hakuwahi kutafuna mbele yake.

Uso ukatokea. Mama mnene, kajifunga mtandio mweupe, mdomo mwekundu kwa tambuu. Nikatoa salamu kamili na rehema na baraka, nikainamisha macho. Yeye akasema kitu kirefu, akacheka peke yake.

"Anasemaje?" nikamuuliza Rezaul.

Kijana akakuna shingo. "Anasema, beyai, hiyo ndevu ni yako? Au umebandika ile makumbi ya kochi?"

Beyai, nimeelezwa, ndiyo jina la baba wa upande wa pili. Yeye ni beyain. Sawa. Lakini mkwe kunitania ndevu? Siku ya kwanza? Nilikaa kimya mpaka simu ikakatwa. Bushra anasema yule mama ni mchangamfu. Mchangamfu ni mbuzi.

Jumatano, 17 Septemba

Sukari 12. Nimemweleza Évariste, fundi mwenzangu, Mkongo wa Lubumbashi. Tuko naye karakana moja miaka kumi na nne. Amecheka nusura ameze pini.

"Papa Burhani, huyu mama ana macho. Hata miye siku zote nawaza hiyo ndevu ulitoa wapi."

"Nyamaza, kichwa kama nyundo."

"Nyundo inafanya kazi. Ndevu inafanya nini?"

Mtu huyu simwambii kitu tena.

Jumapili, 28 Septemba

Sukari 11. Pretoria sijaenda. Simu tena. Safari hii sikuvaa koti.

Mkwe kasema ataleta kamba Koksibazari, anifunge kiunoni, maana nimekonda kama samaki wa kuanikwa na wimbi litanibeba, halafu atawaambia nini watu. Mimi! Niliyekuwa navuka mto Pangani kwa kuogelea nikiwa na shati kavu kichwani! Nilimtazama Rezaul nikasema mwambie nimesikia. Akamwambia. Mama akapiga mapaja kwa kicheko, akasubiri. Sijui alikuwa anasubiri nini. Nikamtazama tu kama ninavyomtazama mteja anayetaka kubadilisha kitambaa kochi likiwa limekwisha.

Bushra amelipia hoteli ya watu wanne. Vyumba vitatu, ghorofa ya pili, vinaona bahari. Anaongea habari za zile siku nne kama mtoto anayengoja Idi.

Jumanne, 30 Septemba

Sukari 11. Mijakaranda imeanza kuchanua. Maua yanaoza njiani, yanateleza. Uchafu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Bushra kapiga. Pretoria lini, Baba? Nikasema mvua. Akasema mvua bado haijanyesha. Nikasema itanyesha.

Jumapili, 5 Oktoba

Sukari 10. Imenyesha.

Jumapili, 12 Oktoba

Sukari 15.

Nitaandika yote, kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza.

Tulikula kwa Bushra, kisha simu ikawekwa mezani, imeegemezwa chupa ya achari. Mkwe akatokea, nyuma yake jiko. Akawa anatuonyesha samaki atakaowakaanga yeye mwenyewe hotelini, eti hamwamini mpishi. Bushra anacheka, anamwita Amma, wanaelewana kwa mikono. Nilianza kuona labda leo itapita salama.

Mara akanigeukia. Akauliza swali, akafungua mdomo wake mwekundu, akagusa meno.

"Anauliza nini?"

Rezaul akacheka. "Baba, anasema samaki hao wana miiba. Anauliza wewe meno yako yapo? Kama hayapo, yeye atakutafunia kwanza."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, lakini kiti kilianguka. Mwanamke mtu mzima, mjane, mama wa mume wa binti yangu, anazungumza habari ya kutoa chakula kinywani mwake atie kinywani mwangu! Mbele ya binti yangu! Nikamwona yule samaki, nikaiona ile tambuu.

"Rezaul," nikasema, "mwambie mama yako hivi. Mke wangu Masika kaishi nami miaka thelathini na moja, kafa hajanitamkia neno la namna hiyo hata kwa homa. Mwambie mwanamke asiye na soni siketi naye mkeka mmoja, baharini wala nchi kavu. Hizo siku nne akae na farasi."

"Baba!" Bushra akasema.

Mama kule alikuwa anacheka bado, kanisogelea kwenye kioo, anamuuliza mwanawe nimejibu nini. Alifurahi. Nasema niliyoyaona, alifurahi, kama mtu aliyengoja mpira mwezi mzima na sasa umerushwa.

Rezaul akatazama meza. Mama akauliza tena. Rezaul hakutafsiri.

"Mwambie!" nikapiga meza.

Akamwambia. Aliongea chini chini, maneno machache. Kile kicheko kikatoka usoni mwa mama taratibu. Akavuta mtandio mpaka kwenye paji la uso. Simu ikaanguka au akaiweka, sijui, tukabaki tunatazama dari la jiko lake na feni inazunguka. Hakuna aliyekata. Feni ikazunguka. Mwisho Bushra akanyoosha mkono akazima.

Nimerudi kwa miguu mpaka kwenye robot ya pili, taa za barabarani, ndipo nikapata teksi. Nimesema kweli na sijutii.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sukari 13. Sijutii.

Jumapili, 19 Oktoba

Sukari 12. Bushra kaja peke yake. Hakuvua viatu.

"Amma amesema safari basi. Amesema anaomba radhi kwako, hakujua amekuumiza, na kwamba si vizuri akuonyeshe uso tena. Reza amefuta hoteli."

"Vizuri. Kajifunza adabu."

"Baba, unajua tangu baba yake Reza afe, miaka mitano, yule mama alikuwa hatoki nje? Hacheki na mtu? Reza aliniambia, Bushra, mama yangu amepata beyai, amerudi kuwa yeye. Alikuwa anawapigia dada zake usiku kuwauliza, nimwambie nini Jumapili hii? Alikuwa anayaandaa, Baba. Yale maneno alikuwa anayaandaa wiki nzima."

"Ayaandae matusi?"

Akanitazama kama Masika alivyokuwa ananitazama nikikiri kwamba wateja watatu nimewaahidi kazi siku moja. Akasema, "Nilikuomba kitu kimoja." Akaondoka. Chai nilikuwa nimeshaitia kwenye bilauri mbili.

Basi nimeshinda. Siendi Pretoria, siendi kulala kwenye plastiki. Nimezinywa zote mbili.

Alhamisi, 23 Oktoba

Rezaul bado ananiletea maziwa karakana kila asubuhi. Anaweka, anasema salaam aleikum, anaondoka. Zamani alikuwa anakaa kwenye gunia la makumbi na kunieleza habari za kriketi, mchezo wa kijinga kuliko yote. Sukari 14.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sukari 14. Maziwa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Jana jioni mvua ya mawe. Mawe kama mayai ya kuku, na wala sisemi kwa kutia chumvi, moja nililishika mkononi. Paa la karakana limetoboka mahali sita. Leo asubuhi tumekuta makumbi yote yamelowa, magunia kumi na moja, na makumbi yakilowa usipoyachambua na kuyaanika siku hiyo hiyo yananuka uvundo, kochi zima linanuka, mteja anakurudishia. Évariste ana mgongo. Mimi nina magoti. Tulikuwa tunatazamana.

Rezaul akaja na maziwa. Akatazama. Akapiga simu mtu amfungulie duka, akakunja mikono ya shati. Kutwa nzima tumekaa watatu kwenye saruji ya uani tunachambua makumbi, nyuzi kwa nyuzi, jua likiwaka kana kwamba jana halikuhusika. Vidole vimechubuka. Kijana hakulalamika. Kazi ya kuchambua inalegeza ulimi, sijui kwa nini, hata watu waliokasirikiana lazima mwisho waseme.

Évariste akaanza. "Rezaul, ile mambo ya mama yako, kwenu mutu anaweza kuongea na mukwe wake vile?"

"Lazima aongee, Papa." Aliendelea kuchambua bila kunitazama. "Kwetu beyai na beyain, kazi yao ni hiyo. Siku ya harusi wanapakana rangi. Anakutilia chumvi kwenye sharubati, wewe unamfichia kiatu. Mpaka kufa wanataniana. Ukiwa beyai na hutaniwi, maana yake hawakukutaka. Mama yangu alikuwa anamtaka Baba huyu hapa. Anasema huyu mzee ana sura ya kujibu."

"Sasa mbona hukunieleza?" nikasema. Ndilo neno la kwanza nililompa kwa siku kumi na tano.

"Nilifikiri unajua, Baba. Wewe na Papa Évariste mnatukanana kutwa. Nikasema, huyu ni mtu wa mambo haya. Atamjibu tu, siku yoyote atamjibu."

Évariste akasema, "Papa Burhani anajua kutukana bafundi tu."

Nikavuta gunia jingine. Nilikuwa nimefika mbali. Maana utani, mimi Mzigua, nani anifundishe? Siku tuliyomzika baba yangu Pangani, mtani wetu Mnyamwezi, mzee Pandu, alishuka kaburini akalala chali, akasema marehemu alikuwa mchoyo, hakuwahi kunipa kitanda, leo nalala hapa hatoki mtu. Watu wanalia, watu wanacheka. Kaka zangu wakamwaga hela na jogoo ndipo akatoka. Na aliyeliosha kaburi lile kwa machozi baadaye, kila mtu akiwa ameondoka, ni yeye Pandu. Mtu asiyekupenda hawezi kulala kwenye kaburi la baba yako. Hilo nalijua tangu nina miaka kumi na tisa.

Lakini kwetu si kwa mkwe! Kwa mkwe kamwe. Wao wameuchukua utani wakauweka mahali ambapo sisi tumeweka heshima. Mimi nilikuwa namheshimu kwa kunyamaza, na kila nikinyamaza yeye anaona namkataa, anatafuta kali zaidi. Mpaka akafika kwenye samaki.

Nimechambua magunia manne peke yangu. Sukari sikupima.

Jumanne, 28 Oktoba

Sukari 13. Bado naona ile ya kutafuniwa samaki ilizidi. Hata Pandu asingeisema.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sukari 12. Nimemuuliza Évariste mtu akitaka kumtania mwanamke asiyemjua aanzie wapi. Kasema aanzie mbali, akimbie. Hana faida.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekwenda kwa Bushra bila kualikwa. Alifungua mlango, akarudi jikoni. Nikamwambia Rezaul alete simu, nataka kumpelekea mama yake sauti, si uso, sauti tu, na yeye aitafsiri baadaye neno kwa neno asipunguze.

Mara ya kwanza nilisema samahani mama, nikasikia mwenyewe sauti kama ya mtu anayetoa rambirambi. Nikamwambia futa. Samahani ya mkwe inaufunga mlango kwa heshima, na mlango nilikwisha ufunga mimi. Mara ya pili nikakohoa. Futa. Mara ya tatu nikasimama, maana nikikaa siwezi.

"Beyain! Nimesikia umenuna. Nuna, uso wako una nafasi ya kutosha. Unasema utanitafunia samaki, kwa meno gani? Nimeyaona kwenye simu. Mawili yamehama, la tatu linafunga mizigo. Mdomo mwekundu kama umemla jirani! Ile feni yako ya darini ina adabu kuliko wewe, wewe umekimbia, yenyewe imebaki kunizungumzisha. Na kwa taarifa yako, kamba ya kunifunga usilete moja. Mimi nimevuka mto wa mamba nikiwa mtoto. Leta mbili, moja ujifunge wewe, maana ukielea watu watadhani ni boti na watataka kupanda!"

Neno la samahani sikulitia. Nililitafutia nafasi, halikupata pa kukaa.

Nilipogeuka Bushra alikuwa kasimama mlango wa jikoni na mwiko. Hakucheka. Alisema, "Baba, na asipojibu?" Nikasema basi nimemtukana mara mbili. Akasema ndiyo, mara mbili. Rezaul akabonyeza, ikaenda.

Jumatatu, 3 Novemba

Sukari 12. Hakuna jibu.

Jumanne, 4 Novemba

Ameisikiliza, Rezaul anasema simu inaonyesha. Hakuna jibu.

Jumatano, 5 Novemba

Maziwa. Hakuna.

Jumamosi, 8 Novemba

Sukari 15. Huenda nimemalizia kuvunja kilichobaki. Huenda pale kwenye boti nilizidi. Mtu mnene anajijua, hahitaji kuambiwa na mzee wa Turffontein. Bushra hakupiga wiki hii. Nimekaa karakana mpaka giza nashona mto ambao haukuhitaji kushonwa, nikaufumua, nikaushona.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamua. Ajibu asijibu, pasi nachukua. Mtu asije kusema safari ilikufa kwa sababu Burhani hakuwa na karatasi. Nimemwambia Bushra kwa simu. Akasema, "Sawa, Baba." Tu.

Jumatano, 12 Novemba

Sukari 9.

Nimekwenda Rosettenville kupiga picha ya pasi. Rezaul kafunga duka, kanisindikiza. Mpiga picha ni kijana wa Kikongo, Gaël, mkali kama askari. Kaniweka mbele ya shuka jeupe. Vua kofia, Papa. Tazama hapa. Funga mdomo.

Ndipo simu ya Rezaul ikalia. Akaangalia. Akasema, "Baba, ni mama."

"Weka."

Sauti ikaja, ndefu, haraka haraka, na nyuma yake kina mama wengine wanapiga kelele kama wapo harusini. Dada zake. Nikasubiri. Rezaul alianza kutafsiri, akashindwa, akashika ukuta, akaanza tena.

"Anasema, amechelewa kujibu kwa sababu alikuwa na kazi. Amepiga simu hoteli yeye mwenyewe, amerudisha vyumba vyote. Amewaambia, chumba kimoja mtie kitanda cha mtoto chenye uzio, maana kuna mzee mmoja anatoka Afrika, akitaniwa kidogo anaangusha viti na kulia. Anasema wanauliza, mzee huyo avalishwe nepi ya saizi gani?"

"Papa," Gaël akasema, "funga mdomo. Picha ya kucheka wanaikataa."

"Nani anacheka? Nimeudhika."

Akapiga. Akaitazama, akaifuta. Akapiga tena. Tatu. Nne. Rezaul tulimtoa nje asimame barabarani, lakini nilimwona kupitia kioo mabega yanatikisika, anampigia Bushra. Ya sita ndiyo imekubalika, na hata hiyo macho yana maji. Nitabeba uso huo kwenye pasi miaka kumi, kila askari wa mpakani auone.

Mwanamke hana adabu hata chembe. Kesho Pretoria, saa kumi na moja alfajiri niko kituoni. Usiku huu silali, nina nepi ya kuijibu.